Sajini Mlangoni

Kaka yangu Obadiah hakuwahi kumwita mbwa wake kwa mdomo. Alichukia kelele tangu utotoni. Sisi dada zake tulipozidisha vicheko jikoni, alitoka akaenda kukaa na mbuzi. Alipostaafu kazi ya reli kule Voi akarudi Chawia na koti lake la vifungo vya shaba na mtoto wa mbwa ndani ya kikapu, nilidhani sasa angalau atajifunza kupiga mluzi. Wapi! Alimfundisha kwa macho na kidevu. Akitazama migombani, mbwa alikwenda migombani. Akiinua kidevu, mbwa alisimama. Akikishusha, mbwa alilala na kuweka mdomo juu ya miguu.

"Kima wana masikio," aliniambia siku niliyomcheka. "Ukipiga kelele wanakimbia leo, kesho wanarudi. Lazima mbwa awafikie kabla hawajajua."

Jina la Sajini tulimpa sisi wengine. Mwenyewe hakulihitaji.

Kwa hiyo kiharusi kilipomwangusha shambani, mwaka wa sabini na sita, kikachukua upande wake wa kulia na ulimi wote, ni sisi tuliopoteza sauti yake. Sajini hakupoteza kitu. Hospitalini walimfanyia waliyoweza kisha wakaturudishia, tukamlaza katika chumba chake, na mbwa akalala kwenye kizingiti. Siku za mwanzo Obadiah aliguna asubuhi nzima, na Gertrude, mke wake, akahangaika: maji, si maji, blanketi, si blanketi, uji, si uji. Mwisho Sajini aliinuka kwa uchovu, nadhani alikuwa ametuchoka, akaenda akasimama chini ya dirisha lililofungwa. Gertrude alilifungua. Obadiah akanyamaza.

Tangu hapo tukawa tunamtazama mbwa. Akielekea mlango wa nje, mzee anataka jua. Akigeuzia bakuli mgongo, mzee ameshiba. Mimi sikuona uchawi hapo. Mbwa yule alikuwa amesoma uso mmoja maisha yake yote, na sisi tulikuwa tumezoea kungoja maneno. Lakini Gertrude lilimuuma.

"Nimemzalia watoto huyu mwanaume," alinilalamikia. "Nimempikia tangu enzi za Mzungu. Leo nimuulize mbwa kama mume wangu ana kiu! Tryphena, wewe hii unaona ni haki?"

"Muulize na mbuzi," nilimjibu. "Labda hao wanajua anapenda chumvi kiasi gani."

Alinirushia kitambaa. Tulikuwa bado tunaweza kucheka wakati huo, kwa sababu tulikuwa hatujafika kwenye jambo la Elsie.

Elsie ni binti yao wa mwisho, mwalimu wa shule ya msingi kule Mraru. Miezi miwili hivi kabla ya kiharusi alikuja nyumbani akasema amepata mchumba, Kilonzo, Mkamba, karani wa shamba la mkonge. Obadiah hakupiga meza. Si mtu wa kupiga meza. Alisimama katikati ya maneno ya mtoto, akatoka, akaenda kwa mbuzi, na likizo nzima hakumsemesha. Wengine walisema ni kwa sababu ya kabila. Mimi namjua kaka yangu. Yeye alitaka mtoto wake wa mwisho aolewe mahali ambapo akikohoa baba anasikia. Basi Elsie akarudi shuleni bila neno, na baba yake akaanguka bila neno. Ile hasira ilibaki wapi?

Kwetu Taita hilo si swali dogo. Hasira ya mzazi ikikaa moyoni haikai bure. Hutoka yenyewe ikaenda kuuma: mimba zinaharibika, watoto wanadhoofu, ng'ombe anakauka maziwa. Ndiyo maana tuna kutasa. Mzazi hujaza kinywa maji ya muwa, akayapuliza mbele ya mtoto yawe kama umande, na akasema waziwazi kwamba kama alikuwa na hasira, hii hapa anaitoa, iende na upepo, mtoto azae na astawi. Walokole wanasema ni mambo ya giza. Wengi wao nimewaona wakija kutasiwa kwa mlango wa nyuma. Elsie mwenyewe anaimba kwaya, na Biblia anaijua kunishinda, lakini radhi ya baba yake aliitaka kama sisi sote.

"Siolewi na hasira ya baba mgongoni," aliniambia. "Afadhali nizeeke na chaki yangu."

Na hakuwa anatania. Kilonzo aliambiwa angoje, naye akakubali kungoja, ila kungoja mpaka lini?

Tulimwendea Hudson, binamu yetu, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo tangu wakubwa wenyewe walipokwisha. Hudson hupenda kuulizwa. Alikaa, akanywa chai, akaongezewa chai, ndipo akatoa hukumu.

"Kutasa ni maneno. Mate bila neno ni mate tu. Na mbaya zaidi, kama hasira ingali ndani, akimpulizia mtoto ni kama kumpulizia moto. Kwanza tujue moyo wake umesimama wapi."

Tulijaribu kujua. Tulimwambia Obadiah afumbe jicho kwa ndiyo. Alifumba. Tukamwambia afumbe kwa hapana, akafumba. Hudson akamuuliza kama yeye Hudson ni mbuzi, akafumba. Lile jicho lilikuwa linajifumbia lenyewe, na mkono wa kushoto ulitetemeka hovyo, hauwezi kuonyesha kitu. Ikawa tumebaki na Sajini.

Na Sajini alimkataa Elsie.

Kila Jumamosi Elsie alipanda na basi la kwanza, akafika na sabuni, taulo mpya, na beseni la bluu alilonunua Voi. Alikuwa ameona hospitalini wasichana wadogo wakiwaosha wazee bila kupepesa jicho, akaamua kwamba yeye ndiye atakayemwosha baba yake, kwa mikono yake, mpaka amsamehe. Gertrude alikuwa anafukuzwa chumbani akapumzike. Elsie akienda na beseni lake, Sajini anainuka na kusimama kukingama mlango mzima, mkia kwenye mwimo huu na pua kwenye mwimo ule. Mbwa aliyekula kutoka mkononi mwa huyo huyo Elsie alipokuwa mdogo! Elsie alimsukuma kwa goti, hakusogea. Alimbembeleza, hakusogea. Siku aliyojaribu kumruka, mbwa alionyesha meno.

Elsie alikaa kwenye ngazi na beseni lake mapajani akalia mpaka maji yakapoa. Ndani tulimsikia Obadiah akiguna ile sauti yake ya kukataa.

Hudson alikuja akajionea mwenyewe. Hakumaliza hata chai.

"Hakuna haja ya kuuliza tena," alisema. "Obadiah amejibu. Amekataa hata mkono wa mtoto wake. Harusi ikae."

"Na kama hatapona, Baba Hudson?" Elsie alimuuliza. "Na kama atakufa hivi hivi?"

Hudson aliinuka akaondoka. Niliona alivyoona yeye, na nilimkasirikia kaka yangu hadi nikashindwa kuingia kumuaga. Mtu umeshalala, nusu yako imeshatangulia, bado umeshikilia kinyongo kwa mtoto wa kumzaa?

Siku ya soko Gertrude aliteremka Mwatate, akaniachia mgonjwa. Nilikuwa nje naanika nguo niliposikia Wakesho akimwambia mbwa, "Haya, haya, nimesikia." Wakesho ni mke wa Donald, kijana wa Obadiah na Gertrude anayefanya kazi Mombasa. Alikuwa amesimama mbele ya mlango wa mzee na bakuli la uji, na Sajini amekingama vile vile, mkia na pua.

"Amekuanza na wewe pia?" niliuliza.

"Shangazi, hii mbwa hunifanyia hivi kila asubuhi. Mimi huacha uji hapa chini, Mama akishamaliza kumtengeneza mzee anachukua. Nikikuja baadaye, saa zingine ananiacha napita."

Nilisimama na nguo yangu mkononi. Obadiah ana neno gani na Wakesho? Hana. Katika nyumba ile hakuna aliyependwa kama Wakesho. Mzee alikuwa anamchagulia ndizi zilizoiva vizuri na kujifanya zimeanguka. Nikampita mbwa. Mimi hunipisha siku zote, dada mtu, niliyemwogesha Obadiah mtoni tukiwa na umri wa kutovaa nguo. Nikaingia kutazama.

Blanketi lilikuwa limeteleza. Suruali ilikuwa imelowa na paja liko wazi, jembamba, si paja la mtu niliyemjua. Mate yalikuwa yamekauka shavuni. Na macho ya kaka yangu hayakuwa kwangu. Yalikuwa yameshika mlango, pale Wakesho alipokuwa, na yalikuwa na kitu ambacho sikuhitaji mbwa anisomee. Hasira? Hasira gani! Mtu alikuwa anaona haya.

Nilimfunika. Nilimbadilisha suruali, nikamfuta uso, nikamwinua kwenye mito. Nilipomaliza kufunga kifungo cha shati, Obadiah alishusha pumzi, na Sajini aliondoka mlangoni mwenyewe akaenda kujikuna uani. Wakesho akaingia na uji wake.

Gertrude aliporudi hata mzigo sikumwacha atue.

"Elsie akija, ni nani anayemvua baba yake?"

"Si yeye mwenyewe? Anataka amwoshe. Anasema ugonjwa hauna haya."

"Ugonjwa hauna," nilisema. "Mgonjwa anayo! Msichana mzima anakuja na beseni kumvua baba yake suruali, na sisi tumekaa hapa tunashangaa mbwa anasimama mlangoni? Tangu lini kwetu binti akaingia hata kutandika kitanda cha baba yake?"

Gertrude alikaa juu ya kikapu cha nyanya alizotoka kununua. Alicheka kwanza, kisha akalia, kisha akakumbuka nyanya.

Nilimtuma dereva wa basi amfikishie Elsie ujumbe: njoo Jumamosi, usije na beseni. Hudson naye nilimfuata kwake nikamwomba amnyoe Obadiah. Alisema yeye si kinyozi. Nikamwambia Jumamosi atakuwa kinyozi, maana mwanaume hunyolewa na mwanaume mwenzake, na kama anaweza kusimamia ukoo mzima hashindwi na kidevu kimoja.

Siku hiyo ukungu uliondoka mapema. Tulimtoa Obadiah uani tukamkalisha kwenye kiti cha mikono, mito ikishika ule upande uliokufa, blanketi safi magotini, na koti la reli limefungwa vifungo vyote. Hudson alikuwa amemnyoa na kumkata kidogo tu chini ya sikio. Gertrude alimpaka mafuta hadi kipara kikang'aa. Kitu kikarudi katika ile nusu ya uso iliyobaki. Hata Wakesho alipopita na kuni, Obadiah alimtazama moja kwa moja.

Elsie alionekana kwenye njia, na gauni lake la kanisani, mikono mitupu ambayo hakujua aiweke wapi. Alisimama mbali. Sajini, aliyekuwa amelala kando ya kiti, aliinua kichwa akamtazama Obadiah. Nami nikamtazama Obadiah, sikuona kitu, na mimi namjua tangu tumbo moja. Mbwa aliona. Aliteremka njia ile, akatia pua yake katika kiganja cha Elsie, akageuka na kumtangulia kurudi. Elsie alikuja nyuma yake ameziba mdomo.

"Mbwa kumpokea mtu si kutasa," Hudson alisema. Ni kweli, lakini ningeweza kumpiga.

Alikuwa amekuja na kibuyu cha maji ya muwa. Alisimama mbele ya kiti, na hapo nikamheshimu, kwa sababu alizungumza na Obadiah kama mtu anayezungumza na mtu, si na mgonjwa.

"Obadiah, maneno huna, tunajua. Kama hasira ingali, acha, usinywe, na hakuna atakayekulaumu. Kama haiko, puliza."

Akampelekea kibuyu mdomoni. Obadiah alikunywa, akashikilia. Shavu la kushoto lilijaa. La kulia lilining'inia kama mfuko mtupu, na alipovuta nguvu apulize, maji yote yalitokea huko, yakateremka kidevuni, shingoni, kwenye kola, kwenye vifungo vile vya shaba. Alitoa sauti ya mtoto mchanga anayecheua. Hakuna aliyecheka. Elsie alinyoosha mkono na leso, na Sajini alikuwa ameshainuka. Alisimama kati yao, ubavu kwa ubavu wa kiti, amekingama vile vile kama mlangoni.

Mkono wa Elsie ulibaki hewani. Nilijua ni mimi niliyemtoa kaka yangu nje, nikamvalisha, nikamleta mbele ya watu ili yampate haya haya aliyokuwa anayakimbia. Nilitaka kugeuza kiti turudi ndani, harusi ife na kila kitu kife.

Obadiah alimtazama mbwa, na safari hii hata mimi niliona. Kidevu chake, kilivyolowa, kilianza kushuka. Kilitetemeka, kikasimama, kikashuka tena, mpaka kikagusa kola. Sajini alimtazama kama asiyeamini alichoambiwa. Obadiah hakukiinua. Mbwa akalala chini.

Hudson alimpelekea kibuyu mdomoni tena. Elsie alimpita Sajini, akapiga magoti. Hakumfuta baba yake. Alifungua kitambaa cha kichwa, akasogea mpaka kati ya magoti yake, akaweka kichwa chake chini ya kidevu kile. Obadiah hakujaribu kupuliza tena. Aliyaachilia tu. Maji ya muwa yalitoka kwenye pembe ya mdomo yakadondoka juu ya nywele za binti yake, tone kwa tone, yakateremka nyuma ya masikio yake, na mkono wa kushoto, ule wa kutetemeka hovyo, ulihangaika hewani mpaka ukapata shingo yake na kutua.

"Na maneno?" Gertrude alimuuliza Hudson kwa hofu. "Haitakuwa mate tu?"

"Maneno ya nini tena?" Hudson alisema. "Mtu hawezi kukubali kuonwa hivi na yule anayemkasirikia." Kisha akanywa yaliyobaki kibuyuni, kwa sababu Hudson ni Hudson.

Mimi nililia wazi, mbele yao wote, na sijutii. Gertrude alimpashia Elsie maji asuuze kichwa kabla ya basi la jioni. Elsie aliyakataa. Alisema Kilonzo atakuwa anamngoja stendi, amwone alivyo na aulize. Alishuka hivyo hivyo hadi Mraru, nywele zikinata na nzi wakimfuata.